Istanbul mmeiona, Mtabila je?

Wadau, nimechoka na picha za Hagia Sophia! Sina ugomvi na jengo la mwaka 537, wala na hoteli za Sultanahmet zilizojipanga jirani yake. Ugomvi wangu ni na sisi tunaodhani historia ni mawe tu. Pale Mtabila, Kasulu, Warundi waliokimbia vita waliishi karibu miaka 20, watoto wakazaliwa, hadi kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012. Leo pana JKT. Hivi aliyezaliwa pale akirudi kutafuta kaburi la bibi yake, nani atamwonyesha? Kulala si tatizo, gesti zipo Kasulu mjini. Wizara ya utalii, kibao kimoja na njia ya kufika makaburini ni shilingi ngapi jamani?