Baba Aliyekataa Ng'ombe Anastahili Asante Kuliko Aliyenunua Gari

Kila Jumapili ya tatu ya Juni mitandaoni ni akina baba tu. Binti kasimama na mzee wake pembeni ya gari jipya, chini kaandika: "Asante dingi kwa kila kitu." Sawa, gari zuri. Ila kwenye hiyo "kila kitu" kuna jambo moja ambalo watu hawalipost, na lina uzito kuliko gari.

Msalato, nje kidogo ya Dodoma mjini, inajulikana kwa mnada wa Jumamosi. Mifugo inauzwa, mbuzi wanachomwa, watu wa mjini wanafuata nyama. Msalato hiyo hiyo ina sekondari ya wasichana ya serikali, ya vipaji maalumu. Mnada na shule, sehemu moja. Na Ugogoni ng'ombe ndiyo heshima, hata mahari ni ng'ombe. Kwa hiyo mzee mwenye binti aliyepevuka alikuwa na njia mbili: binti alete ng'ombe nyumbani, au mzee auze mifugo yake binti asome.

Na sio mila tu, sheria nayo ilikuwepo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe na miaka 15, na akiwa chini ya 18 ilitakiwa ridhaa ya baba. Mama aliulizwa kama baba amefariki. Yaani kalamu alipewa mzee. Rebeca Gyumi, mzaliwa wa Dodoma, alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu akashinda 2016. Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki upande wake: miaka 18.

Sasa fikiria mabinti wa kabla ya hapo. Hawakuwa na wakili wala jaji. Walikuwa na mzee mmoja aliyewakaribisha wageni, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu anasoma kwanza." Ndugu wakamnunia, kilabuni wakamcheka. Yeye akauza mbuzi, akanunua tranka na godoro. Hata leo ni hivyo hivyo. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, ila sare na nauli hazikufutwa.

Wapo watakaosema kusomesha ni wajibu, baba asisifiwe kwa wajibu wake. Ni kweli. Lakini wajibu unaotimizwa huku ukoo mzima unakusema sio kitu kidogo. Na mama je? Mara nyingi mama ndiye aliyeanza kulisema neno usiku, wakiwa wawili, na asante yake iko pale pale. Tofauti ni kwamba yeye hakupewa kalamu.

Na tusilazimishane. Binti ambaye baba yake alizipokea zile ng'ombe hadaiwi asante na mtu yeyote, hata Juni ikifika.

Ila wewe ambaye mzee alikataa, achana kidogo na picha. Kaa naye umuulize: siku ile wageni walipokuja, ilikuwaje? Wengi wao hawajawahi kuulizwa, na wenyewe hawasemi.