Tusiing'oe Mapema Miche ya Momiji

Momiji, yaani mti wa mepo wa Kijapani, huzaa mbegu mbili mbili, kila moja na bawa lake. Mbegu hizo hutaka kwanza baridi yenye unyevu, yapata nyuzi 4 za Selsiasi, kwa miezi mitatu au minne. Zikikauka mno, huenda zikalala hadi mwaka wa pili.

Ajabu yenyewe huja baada ya kuota. Chini ya mama mmoja mwenye majani mekundu hutokea watoto wekundu, wa kijani, wa rangi ya shaba, na pengine mmoja mwenye majani yaliyochanika kama nyuzi. Poleni huweza kutoka mti mwingine, na hata ua likijichavusha lenyewe, urithi huchanganywa upya.

Kwa hiyo, kuuza mche wa mbegu kwa jina la "Bloodgood", eti kwa kuwa mama yake ndiye huyo, ni kumpunja mnunuzi. Aina yenye jina hudumishwa kwa kubebesha kikonyo chake juu ya shina jingine.

Walakini siafikiani nao wang'oao kila mche wa kijani msimu wa kwanza. Majani ya utotoni si ushahidi wa kutosha: umbo na rangi huendelea kubadilika. Aina zenye majina leo zapita elfu moja, na nyingi zilianza kama mche usiofanana na wenzake, ambao mtu fulani aliuacha ukue. Mwenye nafasi finyu na aoteshe michache, lakini aipe misimu mitatu kabla ya kuchagua.