Kabila, Lugha na Uraia: Funzo la Warusi Waishio Nje ya Urusi

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwishoni mwa mwaka 1991, watu wengi hawakuhama. Mipaka ndiyo iliyohama. Sensa ya mwaka 1989 ilikuwa imeonyesha kwamba Warusi wapatao milioni 25 waliishi katika jamhuri zilizo nje ya Urusi yenyewe. Watu hao walibaki katika nyumba zilezile na kusema lugha ileile, lakini sasa walikuwa wachache katika nchi za wengine.

Tangu wakati huo zimeenea dhana mbili. Ya kwanza hudai kwamba kila Mrusi, popote alipo, ni mtu wa Urusi moyoni. Ya pili hudai kwamba watu hao hawana budi kumezwa na wenyeji wao. Dhana hizi zaonekana kupingana, walakini zina kosa moja: zote huchanganya kabila, lugha na uraia, kana kwamba mambo hayo matatu ni kitu kimoja.

Yafaa kwanza kuchunguza asili ya jina lenyewe. Serikali ya Kisovieti ilipoanzisha pasipoti za ndani mwaka 1932, kabila la kila mtu liliandikwa humo. Kijana aliyezaliwa na wazazi wa makabila mawili alipotimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuchagua moja kati ya hayo. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza basi kuwa watu wa makabila mbalimbali kwa mujibu wa karatasi. Jambo linaloamuliwa kwa kalamu haliwezi kuitwa la damu. Hata lugha ya Kirusi hutofautisha: "russkiy" ni Mrusi wa asili, na "rossiyanin" ni raia wa Urusi, awe wa asili yoyote.

Matokeo ya mwaka 1991 nayo hayakuwa sawa kila mahali. Lithuania iliwapa uraia karibu wakazi wake wote. Estonia na Latvia ziliurudisha kwanza kwa wale waliokuwa raia kabla ya mwaka 1940 na kwa wazao wao. Wengine walitakiwa kujifunza lugha ya taifa na kufanya mtihani. Katika Latvia watu wapatao laki 7 walijikuta si raia wa nchi yoyote. Katika Kazakhstan, Warusi waliokuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi mwaka 1989 wamepungua hata kufikia chini ya moja ya tano, hasa kwa sababu wengi walihama.

Mtaalamu wa sayansi ya siasa David Laitin, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alionyesha kwamba katika Estonia, Latvia, Ukraine na Kazakhstan lilikuwa likichipuka kundi jipya: "wasemaji wa Kirusi", lililowajumuisha Warusi pamoja na watu wa asili nyingine waliotumia lugha hiyo. Kwa hiyo utambulisho si urithi tu. Hujengwa pia na sheria, shule na matumaini ya wazazi kwa watoto wao.

Ukraine yatoa ushahidi mzito zaidi. Sensa ya mwaka 2001 ilihesabu Warusi asilimia 17, lakini waliotaja Kirusi kuwa lugha yao ya kwanza walikaribia asilimia 30. Serikali ya Urusi ilitaja ulinzi wa watu hao ilipoitwaa Krimea mwaka 2014, na tena ilipoishambulia nchi nzima mwaka 2022. Hata hivyo mji wa Kharkiv, ambako Kirusi kilisemwa na wengi, haukulipokea jeshi hilo, bali ulipigana nalo. Rais Volodymyr Zelenskyy mwenyewe alikulia katika lugha hiyohiyo. Anayedhani kwamba lugha ya mtu hutangaza utii wake amekwisha kukanushwa na matukio.

Ni haki kukumbuka machungu ya wenyeji. Nchi za Baltiki zilitwaliwa kwa nguvu mwaka 1940, na maelfu ya watu wao wakahamishwa kwa lazima mwaka 1941 na 1949. Ifikapo mwaka 1989 Walatvia walikuwa takriban nusu tu ya wakazi wa nchi yao. Kutaka lugha ya taifa ifundishwe shuleni si dhuluma. Dhuluma huanza pale mtoto anapolipishwa deni la utawala uliokufa kabla hajazaliwa. Latvia ililitambua jambo hilo: watoto waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 2020 kwa wazazi wasio raia hupewa uraia moja kwa moja. Hatua hiyo ilikuja baada ya karibu miaka 30. Ingalifaa ije mapema.

Mwalimu afundishaye uraia, historia au jiografia ana zana nyepesi ya kuwapa wanafunzi. Kila wasomapo kwamba "Warusi" wa nchi fulani wanataka jambo fulani, na waulize: Je, hawa ni watu wa asili ya Kirusi, wasemaji wa Kirusi, au raia wa Urusi? Mara nyingi itaonekana kwamba mwandishi ameruka kutoka jibu moja hadi jingine bila kutoa hoja. Katika mruko huo mdogo wa maneno vita vimepatiwa visingizio, na watu wa amani wamefanywa wageni katika mitaa waliyozaliwa.