Ushindi Huanzia Kitaluni

Mkulima wa mpunga wa Mabogini, chini ya Mlima Kilimanjaro, hajui mavuno yasiyo na kitalu. Huotesha miche, hungoja zamu yake ya maji ya mfereji, hupandikiza, hupalilia, ndipo huvuna. Mwanamichezo naye hana njia nyingine.

Mwezi Aprili 1988, Mtanzania Juma Ikangaa alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu katika mbio za marathoni za Boston, Marekani. Aprili 1989 akarudi, akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Wengi wangekata tamaa. Ikangaa alirejea mazoezini, na mwezi Novemba mwaka huo huo akashinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akiweka rekodi mpya ya mbio hizo.

Ujasiri wa namna hiyo hauzuki siku ya mashindano. Ni tunda la nidhamu ya siku ambazo hakuna anayeshangilia.

Kwa hiyo, walimu hawana budi kukiheshimu kipindi cha michezo, na kumfunza mtoto aliyekuwa wa pili kujiandaa upya badala ya kuona haya. Watumishi wa halmashauri nao wavilinde viwanja vya shule visimegwe. Ni aibu kumpokea bingwa kwa ngoma na vigelegele, ilhali kitalu chake tulikiacha kikauke.