Bidoni za esansi zisisafiri na abiria

Boti MV Merdi ilipozama karibu na bandari ya Kituku, tarehe 3 Oktoba 2024, ikitokea Minova, gavana wa Kivu Kusini alitaja vifo visivyopungua 78. Tangu hapo mazungumzo mengi mjini Goma yamehusu wingi wa abiria na jile za kujiokoa. Ni haki. Lakini kuna hatari nyingine inayopanda boti kila siku bila kuulizwa tikiti: bidoni ya esansi.

Mwezi Aprili 2025, karibu na Mbandaka, boti ya mbao HB Kongolo iliwaka moto katikati ya mto. Mama mmoja alikuwa akiwasha makaa ya kupikia, na mafuta yaliyokuwa karibu yakalipuka, kama mkasa huo ulivyoelezwa. Walikufa watu zaidi ya 140. Ziwa Kivu halina kinga dhidi ya moto wa namna hiyo. Boti ndogo za mbao husukumwa na moteri ya esansi, na bidoni ya akiba hukaa miguuni pa abiria.

Wanajeshi wa majini walilipa sana kulijua jambo hili. Tarehe 14 Februari 1945, boti za kivita za Uingereza na Kanada zilikuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu katika bandari ya Ostend, Ubelgiji. Zilitumia petroli, yaani esansi hii hii. Iliyovuja ikaelea juu ya maji, ikashika moto. Boti 12 ziliteketea na wanamaji zaidi ya 60 wakafa, bila adui kufyatua hata risasi moja. Boti za Ujerumani za aina hiyo zilikuwa tayari zikitumia mazutu.

Manowari za NATO leo hutumia mafuta ambayo mvuke wake hauwezi kushika moto kabla ya kufikia joto la digrii 60. Esansi hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata kilele cha Nyiragongo hakiijui. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini ya sakafu ya boti, hutulia humo, hungoja cheche.

Hakuna anayedai boti ya Idjwi iwe manowari. Wenye boti watasema moteri ya mazutu ni ghali, na hawasemi uongo. Basi esansi ya biashara isafiri kwa boti isiyo na abiria. Ile ya moteri ifungwe vizuri na ikae mbali na watu, na moteri izimwe wakati wa kujaza. Makaa yabaki nchi kavu.

Mkaguzi anayehesabu abiria bandarini ainame pia chini ya mbao za sakafu. Akinusa esansi, boti isiondoke, hata kama mwenyewe anamjua kwa jina.