Mti uliovishwa joho la mtawa

Umewahi kusikia mti ukitawazwa kama mtawa? Usicheke kwanza. Huko Thailand, ambako wengi ni wafuasi wa dini ya Kibudha, jambo hili lilianza mwaka wa 1988.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni mtawa Phrakhru Manas wa mkoa wa Phayao. Alipoona misitu inafyekwa, hakuwa na askari wala bunduki. Alichukua kitambaa cha rangi ya chungwa, vazi la watawa, akaufunga nacho mti. Novemba mwaka huo, mafuriko na maporomoko yaliua mamia ya watu kusini mwa nchi. Januari 1989, serikali ikapiga marufuku biashara ya kukata magogo misituni.

Lakini amri ya serikali haifiki moyoni. Mtawa mwingine, Phrakhru Pitak wa mkoa wa Nan, alilijua hilo. Waliokuwa wakifyeka milima huko ni wakulima wa mahindi wenye watoto wa kulisha. Angewakemea tu, wangekula nini? Kwa hivyo aliketi nao kwanza, akawahimiza wafanye kilimo cha mseto ili shamba lilishe nyumba bila kula msitu. Sherehe ikafuata baadaye. Katika ile ya 1991, wakuu wa vijiji walikunywa maji yaliyobarikiwa, kuwa kiapo. Bango mtini lilionya kwamba kuharibu msitu ni kuharibu "chat", neno la Kithai lenye maana ya uhai, na pia taifa.

Wapo waliopinga, wakisema utawa ni wa binadamu. Watawa wakajibu kwamba mti haukugeuka mtawa. Kitambaa ni ukumbusho tu. Dini yao hufunza kuwa dhiki huzaliwa na tamaa, nasi Waswahili tulikwisha kusema: tamaa mbele, mauti nyuma.

Basi msomaji, si lazima uwe Mbudha ndipo ujiulize swali hili: ni kitu gani karibu na kwako ambacho hungethubutu kukiharibu, hata pasipo mtu wa kukuona? Kama hakipo, keti na wanao Jumapili hii mchague mti mmoja tu, hata ule ulio nje ya ploti. Mpeane zamu ya kuumwagilia maji. Kitambaa hakilindi mti. Aliyekifunga ndiye aulindaye.