Acheni Kuniuliza "Niweke Ngapi?"

Niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata, lakini kuna jambo limenikwama kooni tangu Jumapili ile na nisipolitema sitaweza kuandika kingine. Mliokuja hapa kwa ajili ya kompyuta vumilieni kidogo, kompyuta zimo ndani yake.

Jambo lenyewe ni upepo wa tairi.

Tulikuwa kwenye autokrosi, uwanja wa marram nje kidogo ya mji wetu huu wa Eldoret. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, asubuhi jua likatoka, juu kumekauka na chini bado kuna unyevu. Rafiki yangu mmoja alikuja na Subaru ambayo ameilipia kwa mahindi ya misimu miwili. Aliweka psi 18 pande zote nne. Kona ya tatu ni ya kushoto, na pale tairi la mbele kulia liling'oka kwenye rimu. Rimu ikachimba udongo, gari likainuka upande wa kushoto, likakaa juu ya magurudumu mawili ya kulia kwa muda ulionitosha kuhesabu watoto waliokuwa wamekaa nje ya kona ile, karibu na kamba. Walikuwa wanne. Kisha gari likarudi chini. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni ufundi.

Nilimuuliza, "Hiyo 18 umeitoa wapi?"

"Kwenye intaneti. Wenye mbio wanasema kwenye vumbi ni 18."

Sasa nani alisema, kwa gari gani, lenye uzito gani, tairi gani? Hajui. Baadaye tulitafuta pamoja tukaipata. Mwenye nambari hiyo alikuwa na kigari chepesi na tairi za mbio ambazo mashavu yake ni magumu kama mbao. Rafiki yangu alikuwa na tairi za kawaida za barabarani, za mitumba, mashavu laini, chini ya gari zito zaidi kwa mamia ya kilo. Nambari ilikuwa sahihi kwa mwenyewe. Kwa huyu ilikuwa mtego.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na ugonjwa huu naujua kwa jina. Kijana anakwama, anatafuta, anakuta mistari kumi iliyoandikwa na mtu mwingine kwa tatizo lingine, anaibandika, inafanya kazi mara moja, anafunga kompyuta na kwenda nyumbani. Wiki mbili baadaye duka zima halitoi risiti. Ukimuuliza mstari wa saba unafanya nini, anakwambia "hapo usiguse". Tofauti ni kwamba programu yangu ikianguka hakuna mtoto aliyekaa nje ya kona.

Tena mambo ya Naivasha ndiyo yamezidisha. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kila kijana ana namba alizosikia kutoka kwa mtu aliyesimama karibu na mtu wa timu. Ndugu yangu, magari yale huvaa tairi za mtengenezaji mmoja aliyeteuliwa, Pirelli mpaka 2024 na Hankook kuanzia 2025, tairi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ile namba haina uhusiano na Probox yako.

Haya, tuingie kwenye mambo yenyewe. Chukua gari la kilo 1,200, kila gurudumu libebe 300. Kwa psi 30, ambazo ni kama kilo 2.1 kwa kila sentimita mraba, sehemu inayogusa ardhi ni takriban sentimita mraba 140. Hayo ni makadirio, maana mashavu nayo hubeba kidogo, lakini ni kama kiganja chako na vidole vyake. Injini yote, breki zote, suspension uliyoagiza Japani, vyote vinapita kwenye viganja vinne. Ukipunguza upepo kiganja kinapanuka, na kwenye marram hilo mara nyingi linasaidia. Ukizidi kupunguza, mashavu yanalala kwenye kona, gari linaanza kukanyaga kwa ubavu, usukani unajibu kwa kuchelewa kama afisi ya serikali, na jiwe likija linabana mpira kwenye ukingo wa rimu. Ukizidisha upepo, kiganja kinakuwa ngumi, na gari linarukaruka juu ya vijiwe badala ya kuvikumbatia. Kuna mahali pazuri katikati. Mahali hapo hakuna mtu wa ng'ambo anayekujulia.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo sijasikia likizungumzwa kwenye mbio hata mara moja. Eldoret tuko juu ya mita 2,000, mita 2,100 hivi. Geji ya kawaida haipimi upepo wote ulio ndani ya tairi. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Pwani hewa ya nje inasukuma kwa psi 14.7, hapa kwetu ni kama 11.4. Kwa hiyo mtu akijaza 30 Mombasa, akapanda mpaka huku bila kugusa kitu, geji itamwonyesha kama 33 joto likiwa lile lile. Hajaongeza upepo hata kidogo, ni hewa ya nje iliyopungua. Halafu anashangaa kwa nini gari lililokuwa tulivu kule chini huku linateleza kama sabuni.

Ukishuka kupitia Iten kwenda bonde la Kerio mambo yanageuka. Unashuka karibu mita elfu moja, kwa hiyo geji inapaswa kupungua psi moja na nusu hivi, lakini kule kuna joto na joto linairudisha juu karibu kiasi hicho hicho. Unapima, unakuta namba haijabadilika, unasema "mnaona, haya mambo ya hesabu ni porojo". Hapana bwana. Makosa mawili yamefutana. Yeyote aliyewahi kusaka mdudu kwenye programu anajua kwamba hao ndio wadudu wabaya kuliko wote.

Joto sasa. Asubuhi zetu zinaweza kuwa nyuzi 12. Umeweka psi 28 saa moja asubuhi, ukapiga mizunguko mpaka hewa ndani ya tairi ikafika nyuzi 45. Hesabu ni hii:

presha mpya = (presha + 11.4) × (joto jipya + 273) ÷ (joto la zamani + 273) − 11.4

Weka namba zako utapata 32 na nusu. Yaani umeongezewa psi 4 na nusu na jua na kona, bila kompresa. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi naweka 28", swali la kwanza ni baridi au moto? Asipokuwa na jibu, hajakwambia kitu.

Geji nazo! Nilichukua geji tatu kutoka kwa marafiki, tukapima tairi moja, dakika ile ile. Ya chini na ya juu zilitofautiana kwa psi 4. Zile za kwenye mipira ya vituo vya petroli, zinazoangushwa sakafuni kutwa, sizitaji. Nunua yako moja, iweke kwenye soksi, usimwazime mtu. Hata ikidanganya, itadanganya kwa kiasi kile kile kila siku, na uongo usiobadilika unaweza kuufanyia kazi.

Sasa njia, kwa wale ambao kweli wanataka njia. Chora chaki kwenye ukingo wa tairi, kutoka kashata za nje kuteremka shavuni. Tairi nyingi zina kijipembe kidogo kimechongwa begani, angalia hapo. Piga mizunguko mitatu. Chaki ikifutika kupita pembe hiyo, tairi linalala, ongeza psi 2. Isipofika kabisa, punguza 2. Badilisha upande mmoja tu, mbele au nyuma, kamwe si vyote pamoja. Kama pua inakataa kuingia kona, anza na za mbele. Kama chaki inasema za mbele ziko sawa na bado linakataa, jaribu kuongeza nyuma kidogo ili mkia ulegee. Andika muda, andika hali ya hewa, andika presha kabla na baada.

Na mwisho rudisha namba ulizoanza nazo, upime tena. Hapa ndipo karibu wote wanakosea. Kwenye marram kila gari linalopita linafagia changarawe, njia inakuwa safi, muda unashuka wenyewe. Utabadilisha presha mara tano, kila mara unakuwa haraka zaidi, utajiona mganga. Rudisha za mwanzo. Kama nazo sasa zina kasi ile ile, hukufanya lolote, ni njia iliyofanya.

Najua majibu, nimeyasikia kwenye nyama choma. "Mimi nahisi gari kwa makalio." Sawa, makalio yanakwambia kwamba kitu kimebadilika, hayakwambii ni psi ngapi. "Joginder Singh hakuwa na majedwali yako." Joginder alishinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, na alikuwa fundi wa magari kabla ya kujulikana kama dereva. Usimtumie mzee yule kutetea uvivu wako. "Hayo ni mambo ya wenye pesa." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu watu hao hao wamefunga ekzosi ya kelele na rimu za kung'aa. Chaki, daftari na geji ni pesa ya nyama ya watu wawili. Katika mchezo mzima huu hakuna kitu cha bei rahisi kinachobadilisha gari kiasi hicho, na mwenye pesa kidogo ndiye hasa anayepaswa kukishika kwanza.

Lakini sitawalaumu madereva peke yao. Siku ile gari lilipita kwenye ukaguzi. Mkanda ulikaguliwa, helmeti, betri kama imefungwa, hata kioo. Hakuna aliyeinama kwenye valvu. Ninachotaka kwa waandaaji wa mashindano yetu madogo ni kitu kimoja: geji moja, ile ile kwa magari yote, na sehemu nne kwenye fomu, mbele mbili nyuma mbili. Sitaki wamkataze mtu. Akija na 18 kwenye tairi za barabarani, aulizwe ameitoa wapi, na kamba ya watazamaji isogezwe nyuma kabla hajaanza, si baada.

Nimeshawaambia waandaaji wa siku ile. Mmoja alicheka, akaniita daktari wa kompyuta. Mwingine aliuliza geji nzuri inauzwa wapi.

Rafiki yangu mwenye Subaru alinipigia jana. Alitaka kujua, kwa kuwa 18 ilikataa, sasa aweke ngapi. Nikamuuliza kama ana chaki.